Herufi Moja Ndani ya Mchezo wa Dada

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nikiuficha mtaa mzima utawaambia bila mimi. Ile herufi ni mimi niliyeibadilisha. Si fundi, si virusi, wala si pepo mchafu kama alivyodai shangazi yangu mmoja ambaye huona pepo hata ndani ya redio. Nilitoa T, nikaweka N. Mkono mmoja tu ulifanya kazi hiyo. Wa pili ulikuwa umeshika muhindi wa kuchoma.

Sasa nieleze T gani na N gani, mupate kunihukumu vizuri.

Dada yangu ni wa kwanza kwa mama, mimi ni wa mwisho. Katikati yetu kuna wengine, mais hao hawana kosa katika habari hii, tuwaache. Kwa miaka miwili dada alichora bede yake, hadithi ya picha, ku madaftari ya hesabu, yale yenye viraba, kwa sababu ndiyo yaliyobaki mu nyumba. Ni habari ya mwanamke wa kijiji cha Kipese ambaye bwana yake alienda Manguredjipa kutafuta dhahabu, akanyamaza. Hakutuma neno, hakutuma mtu. Basi mwanamke anakaza kitenge, anafunga tochi ku kichwa, anashuka mashimoni kumtafuta mwenyewe. Anakufa. Ukifungua ukurasa unaofuata, anaamka jikoni kwake, asubuhi ileile, moshi uleule, maharage yaleyale ku jiko. Anakaza kitenge tena. Anashuka tena, na chini kule njia zote zimeshabadilika.

Kijana anayetengeneza telefone karibu na rond-point ya barabara aliisoma akiwa amesimama, akasahau mteja wake. Akamwambia dada, kwa jina la heshima tunalomwita dada mkubwa: "Yaya, hii haiko bede. Hii ni mchezo, inangoja tu mutu wa kuiamsha." Akaiamsha kweli, kidogo kidogo, siku umeme unapokubali. Unashuka, unaokota kamba, betri, chumvi, jembe lililovunjika. Ukikufa vyote vinapotea, unaanza tena jikoni. Kinachobaki nawe ni kile ulichojifunza tu. Ku shule yetu waliuita mara moja mchezo wa kudubla. Kuhusu kudubla nina haki ya kusema kuliko wengi: mwaka wa tatu niliufanya mara mbili, na mara ya pili mashimo hayakuwa yamebadilika hata kidogo, mwalimu yuleyule, kikohozi kilekile.

Ukikufa, giza linajaa kioo, halafu sauti ya mama mkwe wa yule mwanamke inatokea kwa maandishi: *Rudia kwetu.* Angeweza kusema "rudi nyumbani," ni sawa, kila mtu angeelewa. Mais alisema kwetu. Maana yake: shimo si lako, wewe ni wetu, mlango haujafungwa, njoo. Dada alitafuta neno hilo wiki nzima, akitembea na kalamu mdomoni, akiunguza mboga ya sombe mara mbili. Wakati ule sikujua lina uzito gani. Ao nilijua. Sitaki kujidanganya ku karatasi.

Sababu ya kisasi changu ni mbuzi. Ndani ya mchezo kuna mbuzi anayemfuata yule mwanamke mpaka chini. Hasaidii kitu. Anakula kamba, anakula betri, kuna siku alikula hata ramani. Na sikio lake moja limesimama, moja limelala. Munione basi: tangu nilipoanguka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, nikiwa mdogo, sikio langu moja limesimama, moja limelala. Siku yule kijana fundi alipouleta mchezo shuleni ku telefone yake mwenyewe kuujaribu, niliingia darasani na wanafunzi wote wakaimba "Bee-e!" kama kwaya ya Pasaka. Hata prof aligeukia ubao ili mabega yake yasionekane yakicheka.

Nilimwambia dada: "Yaya, ile mbuzi ni miye?"

"Hapana," akajibu bila kuinua macho. "Mbuzi iko na akili."

Donc Jumapili, yeye akiwa ku kwaya, nilikaa mbele ya mashine yake, ile kompyuta ya nyumbani. Fundi alikuwa amepanga maneno yote ya mchezo ndani ya faili moja ya kawaida, ili dada aweze kusahihisha mwenyewe bila kugusa mengine. Nikatafuta mstari wa mama mkwe. Kwe-T-u. Kwe-N-u. *Rudia kwenu!* Ndilo neno tunalotupia timu ya mpira iliyotoka mbali ikatufunga. Ndilo neno la mbwa asiye wetu. Sasa kila atakayekufa mchezo utamfukuza kama mbwa. Nilicheka peke yangu mpaka punje ya muhindi ikapotea njia kooni.

Nilitaka kuwaonyesha wenzangu wawili, halafu nirudishe T pahali pake. Mvua ikaanguka. Mama akapiga kelele nitoe nguo ku kamba. Nikatoka mbio, nikaanua nguo, nikasahau. Hiyo njo historia nzima ya uovu wangu: nguo zilikuwa zinaloa. Jioni hiyo hiyo fundi alipita, akachukua mchezo ku flash yake, na tangu Jumatatu akaanza kuuweka ku telefone za watu.

Dada alinipa daftari. "Weye unazungukaka muji muzima bila kazi," alisema. "Leo uko na kazi. Andika yote batu banasema. Ata mabaya. Zaidi mabaya."

Nikaandika. Muuza nyanya alisema kitenge kimefungwa vibaya, mwanamke hawezi kushuka shimo na fundo la namna ile, litafunguka ku hatua ya tatu. Mseminari mmoja alisema mauti ni mengi na sala ni chache. Jirani yetu aliyefanya kazi kule mashimoni zamani alicheza kwa dakika mbili, akarudisha telefone, akasema macho yake yanauma. Wanafunzi walisema shimo la tatu ni uchawi mtupu. Na karibu wote walisema: ile neno ya mwisho, eeh, ile inaua! Mimi nikaandika tu: *Wanapenda neno la mwisho.* Sikuandika lipi.

Halafu ikaja kritiki ya prof wetu wa Kifaransa. Huyu alitumwa kwetu kutoka mbali, Kasai, na mpaka leo anavaa koti kama baridi ya Butembo ni adhabu aliyopewa na waziri. Aliandika kurasa mbili nzima, akazituma ku grupu ya telefone ya shule. Alisifu rangi, alikemea shimo la tatu, akafika ku neno. Alisema, nafupisha: *Neno hili nimelisikia sokoni, nimelisikia ku barrière ya wanajeshi, nimelisikia nyuma ya mgongo wangu nikitoka kununua mkate. Mchezo huu ndio wa kwanza kuniambia usoni, na baada ya kuniambia, unaniacha nianze tena. Mwandishi ana ujasiri.*

Dada alisoma akakaa chini. Hakuwa amecheza mchezo wake tangu siku nyingi. Alikuwa amechoka nao, kama mtu anayepika harusi asitamani kula. Kwa hiyo hakuwa ameiona ile N. Machozi yalimtoka kidogo.

"Prof ameelewa," aliniambia. "Ameelewa kwetu."

Hapo ndipo pahali pa kusema. Kama maisha yangu yangekuwa na alama nyekundu za mwalimu pembeni, hapo zingekuwa mbili. Nikamwangalia vile anavyofuta pua na mkono wa shati, nikasema: "Ndiyo, Yaya."

Siku chache baadaye padiri mmoja wa Beni, anayeangalia ukumbi wa vijana, akapiga simu. Alikuwa amesikia. Ku ukumbi wake kuna masomo ya likizo kwa watoto, wengi wa familia zilizokimbia vijiji, na parokia ina mashine ndogo ya kuchapa. Alisema: leteni mchezo Jumamosi, watu wacheze, wasikie, waseme. Ukumbi ukikubali, tutaichapa bede yenyewe, karatasi kweli, kwa watoto wote.

Karatasi kweli. Dada alirudia maneno hayo akiosha sahani, akifagia, akifunga kamba za viatu. Miaka miwili ku viraba vya hesabu, na sasa karatasi kweli. Kuanzia hapo sikulala vizuri, na mimi ni mtu anayelala hata ku mtihani.

Jumamosi asubuhi mama alinibebesha mashine. Ni kompyuta ya zamani, nzito kama dhambi ya askofu. Niliibeba mgongoni ndani ya gunia mpaka ku taksi ya Beni, na kioo chake dada akakishika mapajani. Ku barrière mwanajeshi mmoja alinyoosha kidole ku gunia.

"Eza nini?"

"Ni mchezo, chef," nikasema.

"Mchezo ya nini?"

"Ya kukufa."

Dada alinifinya mpaka nikaona nyota. Yule mwanajeshi alituangalia na macho mekundu ya mtu aliyesimama tangu juzi. "Kama ni ya kukufa, pita," alisema. "Hapa tuko nayo ya kutosha."

Njiani nilijaribu. Nawaapia nilijaribu. "Yaya," nikaanza, "tuseme herufi moja, mfano, ikose njia…" Nikageuka. Alikuwa amelala, mdomo wazi, amekumbatia kioo. Siku tatu usiku kucha alikuwa akinyoosha michoro. Nikamwacha alale, nikajiambia ni huruma. Haikuwa huruma.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mabenchi ya kanisa, watoto chini ku sakafu, wamama na mizigo yao pembeni, kwa sababu siku hizi mtu hajui kama atakapotoka atakuta mzigo wake. Padiri alikuwa ametundika shuka jeupe ku ukuta na projecteur ya parokia ikatupa mchezo pale, mkubwa kuliko nyumba yetu. Yule mwanamke akashuka, watoto wakashuka naye. Mbuzi alipotokea, ukumbi ulilipuka: "Mbuzi! Mbuzi! Hapana kula kamba, mbuzi!" Nitawaambia ukweli, kwa muda ule nilifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kuniimbia hivyo.

Msichana aliyekuwa anacheza akateleza. Giza. Na ku shuka lote, herufi kubwa kama milango: RUDIA KWENU.

Nyuma vijana wawili walicheka, halafu wakaacha, kama mtu aliyecheka ndani ya kilio cha msiba bila kujua.

Mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. "Sista," alimwambia dada, "soma ile neno, tafazali. Miye macho haiko muzuri."

Dada akageuka kusoma. Nilimwangalia uso. Alifungua mdomo kusema kwetu, ile kwetu yake ya wiki nzima, na macho yakafika ku N yakagonga.

"Soma basi."

"Rudia… kwenu," akasema dada.

"Kwenu wapi?" yule mama akauliza. "Nimekimbia mara tatu. Kila fasi nafika, iko mutu wa kuniambia ile. Leo nimekuya kupumuzika kidogo na batoto, na ata ukuta ya kanisa inaniambia?"

"Mama, ni muchezo tu," akasema kijana mmoja.

"Muchezo ya nani?"

Mzee aliyekuwa ku benchi ya mbele akachukua kofia yake, akatoka. Wengine wakamfuata, polepole, bila hasira, kama watu wanaotoka misa iliyozidi urefu. Padiri alivua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa na vumbi.

"Miye sikuandika vile," dada akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Niliandika ingine. Sikuandika vile."

"Basi nani aliandika?" sauti ikatoka pembeni. "Mbuzi?"

Watu walicheka kicheko cha kuchoka. Nikasimama.

"Ndiyo," nikasema. "Ni miye."

Wakacheka zaidi. Waliona masikio. Mtoto mmoja akasema "Bee-e." Padiri akaniambia: "Kijana, kaa, hii haiko saa ya mizaha." Muone basi adhabu ya mtu aliyezoea kuchekesha: siku anasema ukweli, anapigiwa makofi.

"Padiri, haiko mzaha! Ni mimi nilibadilisha! Jumapili! Nilikuwa nakula muhindi!"

Huo muhindi haukunisaidia. Nikaacha maneno, nikaenda ku mashine. Nikafunga mchezo, nikafungua faili mbele ya wote, mistari yote ya dada ikajaa ku shuka, nikatafuta mama mkwe. Nikafuta N. Nikatafuta T ku ubao wa herufi, na ninawaambia, tangu nizaliwe sijawahi kuitafuta T muda mrefu hivyo. Hakuna aliyecheka tena. Dada hakuniangalia. Alikuwa anaangalia neno lake.

Yule mama akasogea. "Nipe nijaribu," alisema. Akamteremsha mtoto, akakaa. Alikuwa hajawahi kugusa mashine. Yule msichana akamwonyesha vitufe vinne vya kutosha. Akashuka. Akakufa haraka sana, shimo la kwanza, pale ambapo hata mimi huwa nakufa. Giza. RUDIA KWETU.

Msichana akamsomea lile neno.

"Kwetu haiko tena," yule mama akasema, si kwa sisi, labda kwa mama mkwe. "Mais sema tena."

Akabonyeza. Akashuka, akakufa, akaitwa. Alikufa mara tano, na hakuna mtoto aliyeomba zamu. Mwisho akasimama, akamfunga mtoto wake, akamwambia dada: "Ile shimo ya pili, umekosea. Hauwezi kumutafuta bwana pale, pale iko maji. Mutu wa zahabu anakimbiaka maji. Mutafutishe juu, ku udongo mwekundu." Dada hakuwa na karatasi. Akaandika *udongo mwekundu* ku kiganja cha mkono. Kati ya maoni yote niliyoyaona, pamoja na kurasa mbili za prof, hayo ndiyo pekee niliyoona yakimwingia.

Tulipokuwa tunafunga mashine, padiri akaja.

"Binti," alisema, "kazi yako ni muzuri. Mais batu wa nusu ya ukumbi wametoka na lile neno masikioni. Siwezi kuchapa Jumatatu na kufanya kama hawakusikia. Nitawatafuta, niwaeleze. Mukuye tena kisha siku nane. Wao njo bataamua."

"Na kama bakikataa?" dada akauliza.

Padiri akainua mikono kidogo, akaishusha. "Basi bamekataa."

Kurudi Butembo dada alisema sentensi moja tu, tukiwa tumeshavuka barrière, mvua ikianza kudondoka ku kioo cha taksi: "Wiki muzima nilitafuta ile neno." Tuliposhuka nilibeba mashine, na ilikuwa nzito kuliko asubuhi, ingawa tumetoa herufi moja na kuweka moja.

Tulifika jua likiwa bado juu ya kilima. Mama alikuwa mbele ya mlango, ungo wa maharage mapajani, akitoa mawe. Alikuwa ameshajua yote. Beni ina telefone. Dada alipita akaingia ndani, akaenda kulala na viatu. Mimi nikasimama na gunia mgongoni, nikingoja fimbo, ao mwiko, ao lile tusi la lugha yetu ya Kinande ambalo siwezi kuliandika hapa. Mama alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine. Halafu akasema, na naandika vile vile alivyosema:

"Yaya yako amechoka. Miye nimechoka. Ule mama ya Beni amechoka kutupita siye bote. Ni weye tu njo hauyachoka. Donc kesho ukitoka misa utapita Butembo muzima, telefone moja moja, utengeneze ile herufi, na kwa kila mutu useme ni weye uliharibisha. Siku nane zikifika, utabeba mashine, muende. Sasa tula chini ile muzigo, nawa mikono, bugali inapola."